Mwanamke Aliyeizima Sauti ya Kompaila

Usiku mmoja, watu wamelala na mvua ya Tukuyu imepungua kidogo, kengele ndogo ililia ndani ya nyumba ya mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga. Haikuwa kengele ya mlango. Ilikuwa ya kompyuta, na mwanamke yule aliitega mwenyewe ili imwamshe pale tu kazi inapokwama. Mtu mwingine angesikitika. Yeye aliketi kitandani akatabasamu gizani, kama mtu aliyeletewa habari kwamba mke mwenzake kaunguza wali wa wageni.

Jina lake Tusekile, na alikuwa na kompaila. Kwa asiyejua: watu huandika programu kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, lakini mashine haijui maneno, inajua amri zake tu, basi katikati yao hukaa programu moja inayopokea maandishi ya watu na kuyageuza yawe amri ambazo mashine itazitii. Hiyo ndiyo kompaila. Kila kitu hupita kwake. Ikikubali, kazi inakwenda kwa watu. Ikikataa, kazi inarudi kwa mwenyewe.

Kompaila ile haikuwa ya nyumbani kwake. Ilikuwa ya Mkeka, mfumo endeshi unaoamsha kompyuta chakavu za shule na zahanati, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure, akaufungua, akausoma, akaurekebisha. Uliasisiwa na mwalimu mmoja wa sekondari aitwaye Chediel, naye aliuita Mkeka kwa sababu watu wengi wanaokaa mbalimbali, wasiolipwa chochote, kila mmoja husuka ukili wake, halafu kili zote hushonwa pamoja, kisha watu wasiowajua huja kuukalia. Kompaila ya Mkeka ilikuwa na matoleo mawili. Toleo la tisa alilitunza Tusekile tangu alipomaliza kidato cha nne. Toleo la kumi na mbili lilikuwa jipya, limeletwa na binti mmoja wa Tanga aitwaye Sikudhani. Anayejua mambo haya angeweza kuchagua mwenyewe. Lakini watu wengi hawachagui. Wanabonyeza palipoandikwa "endelea" na kupewa lile lililowekwa mbele. Miaka yote lililowekwa mbele lilikuwa la tisa. Jumamosi iliyokuwa inakuja wangekutana waamue upya, asiyechagua apewe lipi.

Jumamosi hiyo Tusekile aliiogopa kuliko alivyoiogopa leba. Kwenye zahanati ya kata yao kuna kompyuta, na kila asubuhi nesi anapoiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, maneno haya hutokea: Mkeka, umejengwa kwa toleo la tisa, mtunzaji Tusekile. Mama mkwe wake, ambaye siku zote alikuwa akimwita "yule msichana wa Lusajo", alikwenda siku moja kuonyesha mguu wake uliovimba, nesi akamsomea maneno yale, akarudi nyumbani akamwita mkwewe kwa jina. Hapo tu. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Mama Gwamaka, kwa jirani ni mke wa Lusajo wa kiwanda cha chai, kwa mwenye duka ni yule dada wa mkopo. Duniani kote jina lake liliwaka mahali pamoja, kwenye kioo cha zahanati, na sasa kuna mtu anakuja kulifuta aandike la kwake.

Na mtu mwenyewe Sikudhani! Hana mtoto. Analala akashiba usingizi. Kwenye kundi lao la simu akiandika hata "habari za asubuhi" tu, watu wanammwagia mioyo. Mutalemwa wa Bukoba, fundi mwenye mdomo, aliyekuwa zamani akimwita Tusekile "malkia", siku hizi kutwa anaandika, "Dada Sikudhani, hebu tupe elimu." Elimu! Tusekile aliikuza picha ya yule binti kwenye simu mpaka akaona kucha. Kucha zilikuwa nzima. Akazitazama za kwake zilizoliwa na sabuni ya nepi, akazima simu, halafu akaiwasha tena akatazama. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akimeza unachoma, akitema hautoki.

Sasa lipo jambo moja la nyuma ambalo bila hilo haya mengine hayaeleweki. Hapo mwanzo toleo la tisa lilikuwa na tabia ya kusema. Likipokea maandishi yenye walakini lilikubali, lakini lilisema: onyo, hapa umesahau hiki; onyo, pale hukueleza kile. Maonyo yakajaa vioo vya watu. Watu wakachoka. Mutalemwa akaandika kundini, "Dada, kompaila yako inasema kama mama mkwe aliyekuja kutembea akakataa kuondoka." Walicheka sana. Tusekile alikuwa mgeni bado, na alitaka apendwe, basi akaingia kwenye mpangilio akaizima ile sauti, kwamba asiyeomba maonyo asiyapate. Kioo kikawa cheupe, kimya, kitamu kutazama. Watu wakashukuru mpaka wakamwita malkia, na jina likamkaa.

Toleo la kumi na mbili lilikuwa la namna nyingine. Halikuonya. Lilisimama. Yale ambayo la tisa liliyameza, lenyewe liliyatema, na mtu hapiti mpaka arekebishe.

Ndiyo maana kengele ilimfurahisha. Kimya kimya alikuwa ameichukua kompaila ya mwenzake na kuipitishia programu za Mkeka moja baada ya nyingine, usiku, kwa sababu mchana mashine za kusaga pale sokoni hunyonya umeme mpaka taa zinafifia. Kila iliyokwama aliiweka akilini, ili Jumamosi aseme: haya, oneni, mgeni wenu anavunja vyombo. Akanyata hadi mezani. Iliyokwama safari hii ilikuwa Kipimo, programu ambayo zahanati hutumia kukadiria dawa ya mtoto kwa uzito wake. "Hata Kipimo!" alinong'ona, na moyo ukaruka. "Kimevunjwa hata Kipimo!" Gwamaka akaamka akalia, akambeba akampa titi, akaanza kusoma huku anamnyonyesha, asome atafute la kusema.

Akasoma. Akarudia. Furaha ikaanza kumtoka kama maji kwenye ndoo yenye tundu.

Aliyeandika Kipimo, mtu aliyekwisha kuondoka kundini, alitenga nafasi ya kuweka uzito wa mtoto, lakini hakusema kwamba nafasi ile isafishwe kila anapoingia mtoto mpya. Nesi akiandika uzito, hakuna tabu. Nesi akiruka, kwa haraka au kwa wingi wa watu, programu haikumuuliza. Ilichukua uzito uliobaki pale, uzito wa mtoto aliyetangulia kwenye foleni, na kwa uzito huo wa mwenzake ikampimia dawa huyu. Toleo la kumi na mbili lilifika hapo likasimama. Lilikuwa sahihi. Mwanamke yule alitafuta sana mahali ambapo halikuwa sahihi, akapakosa.

Akafanya jambo moja zaidi, na angekuwa na busara asingelifanya. Akalifungulia toleo lake sauti, mara moja tu, ajue. Na la tisa likasema. Mstari ule ule: onyo, uzito unatumika kabla ya kuwekwa. Lilikuwa linajua! Miaka yote hiyo lilikuwa linajua, na yeye ndiye aliyelifunga mdomo. Akaizima tena upesi, kama mama anayemziba mtoto mdomo majirani wasisikie wanayogombania humo ndani. Hapo ndipo alipohisi titi linaungua. Halikuwa titi. Ulikuwa mdomo wa Gwamaka.

Kulipokucha mtoto alikuwa moto kama chungu. Lusajo alishakwenda kiwandani. Tusekile akaandika kundini, "Mtoto ana homa, leo msinitafute, nipo zahanati," akamfunga mtoto mgongoni akateremka. Foleni ilikuwa imefika nje. Mbele yake alikuwepo mama mwenye mtoto wa miaka mitatu, bonge, mashavu kama maandazi, na nyuma yake mama mwingine amebeba kabinti kamoja kembamba sana, kamefunikwa kitenge hadi machoni. Kiooni, jina la Tusekile lilikuwa limekwisha kupita. Sasa kilikuwa wazi Kipimo. Bonge akapimwa, akaandikiwa, akatoka. Nesi akamwandika Gwamaka jina, akaandika homa, akasogeza kidole kwenda mbele.

"Uzito tutauchukua baadaye, mama, mizani ina mtu."

"Mpime kwanza!"

Alipiga kelele kiasi kwamba foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Mtoto wake wa kwanza huyu, utaona tu." Mwenzake akajibu, "Wa kwanza wapi, huyo kazaa juzi, akili zikatoka pamoja na mtoto." Watu wakacheka. Nesi akakunja uso, akasema, "Mama Gwamaka, na wewe wa kunifokea?" Lakini akasimama, akamwomba aliyekuwa kwenye mizani ashuke, Gwamaka akapimwa, dawa ikawa ya Gwamaka. Tusekile akaichukua akaelekea mlangoni, na mgongoni kwake akasikia nesi anamwambia mama wa kabinti, "Lete, huyu uzito baadaye."

Akageuka. "Dada, na huyo mpime."

"Toka, mganga mkuu," nesi akamwambia, na foleni ikacheka tena, ila akanyoosha mkono kumpokea yule mtoto ampeleke mizanini. Tusekile akatoka nje jua likimpiga machoni. Nyuma ya kabinti kulikuwa na mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, na zahanati zenye Mkeka zilikuwa nyingi, nyingine mahali ambapo hatafika maishani mwake. Hakuweza kusimama kwenye mlango wa kila moja.

Mchana ule, homa ya mtoto ikianza kushuka, alikaa kwenye kompyuta akakirekebisha Kipimo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, aibu hata kusema: nafasi ya uzito isafishwe kwanza, na ikiwa tupu, programu igome. Ukibadilisha kitu kwenye Mkeka unaulizwa sababu. Aliangalia pale pa kuandika sababu kwa muda mrefu. Akiandika ukweli, watu watauliza kompaila yake ilikuwa wapi, na Jumamosi ni kesho, na yule binti atashinda bila kunyanyua mkono. Akaandika neno moja: usafi. Kisha akajiambia kwamba amefanya vizuri, hatari imekwisha, watoto wako salama. Zile programu nyingine zilizokwama kwenye toleo la kumi na mbili hakuzifungua kuona sababu. Hakutaka kuona. Alizihitaji zilivyo, kwa ajili ya kesho.

Jumamosi wakakutana kwa simu, kila mtu kwake, yeye jikoni na mtoto mgongoni. Mwalimu Chediel akafungua kwa sauti yake ya darasani.

"Anayejua kuchagua simzungumzii, huyo ana macho yake. Nauliza asiyejua. Yule nesi, yule mwalimu wa shule ya msingi anayebonyeza tu 'endelea'. Yule tumpe lipi?"

Tusekile alisema kwanza, na alisema vizuri, hofu ilimpa maneno. Akazitaja programu zilizokwama, moja moja, na kila alipotaja moja kulikuwa na mtu anayeguna, maana ilikuwa ukili wake. "La tisa halijawahi kumfukuza mtu," akamalizia. "Mnataka kuanza kufukuzwa leo?"

"Malkia hajafa!" akasema Mutalemwa, na watu wakacheka.

Sikudhani akasema taratibu, "Jamani, halikatai kwa kiburi. Kila linapokataa linaeleza sababu. Zisomeni tu sababu."

"Dada Sikudhani, sisi watu wazima," Mutalemwa akamkatiza. "Mchana kutwa nimegombezwa na wateja, jioni unataka niwekwe kitako na kompyuta?"

Basi ikawa kicheko, na penye kicheko hapana sababu inayosomwa. Wakapiga kura. Toleo la tisa likabaki mbele. Wakamwita malkia tena, wakammwagia mioyo ile ile aliyokuwa akiihesabu kwa mwenzake, na Tusekile akasimama katikati ya jiko lake akiingoja furaha. Ikaja kweli. Ilikaa kwa muda wa chungu kuchemka, kisha simu ikaita, na jina kwenye simu lilikuwa la Sikudhani, ambaye hajawahi kumpigia.

Alijiandaa kwa matusi. Akayapanga na ya kwake tayari.

"Da Tuse, shikamoo," ikasema sauti.

Hilo hakulitegemea. Akaitikia kwa shida.

"Nakupa hongera. Umesema vizuri kunizidi, sikudanganyi. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Namshukuru Mungu." Kwa mbali muadhini akasikika anaadhini huko Tanga. "Da Tuse, nimeona umegusa Kipimo jana."

Tusekile akaketi kwenye kigoda. Alisahau, au alitaka kusahau. Mkeka hauna pazia. Kila badiliko linabaki pale pale, na jina la aliyelifanya, na saa aliyolifanya, na yeyote mwenye kutaka anaweza kulifungua akalisoma. Hakuna wa kufungua neno "usafi", isipokuwa mtu ambaye kompaila yake ilikikataa Kipimo juzi na leo imekikubali, akajiuliza kwa nini.

"Ule haukuwa usafi, dada," Sikudhani akasema. "Uliona. Umerekebisha kimoja, kile cha mtoto wako. Vingine je?"

Tusekile aliyatafuta yale matusi yake akakuta hayapo. Alichokiona ni kabinti kembamba kwenye kitenge, kamenyooshewa mkono. Zile programu alizozitaja mkutanoni kama mtu anayetaja vyombo vilivyovunjwa, kila moja ilikuwa na ufa wake ndani na mtu wake kwenye foleni, naye ameshinda kwa kuzitaja.

"Watanichukia," akasema.

"Watakuchukia, ndiyo. Kidogo."

"Na jina langu?" Halikuwa jambo alilokusudia kulisema. Lilitoka lenyewe, dogo, kama mtoto aliyechungulia mlangoni watu wazima wakizungumza.

"Washa sauti ya kompaila yako," Sikudhani akasema. "Jina lako litakaa pale mpaka programu zipone. Baada ya hapo sijui, dada, siwezi kukudanganya. Mimi sitatia neno, ukisema ni wewe umesema."

Kabla giza halijaingia alikuwa mezani. Akaifungua sauti ya toleo la tisa, kwa watu wote, kwa asiyechagua na asiyeomba. Alipoulizwa sababu aliandika hivi: "Niliizima ili nipendwe. Iliona kosa kwenye Kipimo, mtoto akiachwa bila kupimwa anapewa dawa kwa uzito wa mwenzake. Nami nikaliona nikaliita usafi. Yapo mengine. Yasomeni." Akasoma alichoandika, mkono ukataka kufuta, mtoto akapiga chafya, akabonyeza.

Wala haikuwa siku ya kupendeza. Kulipokucha kila aliyefungua kazi yake alikuta kioo kimejaa maonyo juu hadi chini. Wengine walimwandikia maneno ambayo mama anayenyonyesha haandikiwi. Hakuna aliyemwita malkia siku hiyo wala siku nyingine. Mutalemwa akaandika, "Mama mkwe karudi, na safari hii kaja na kitanda." Mwalimu Chediel peke yake hakuandika kitu, alishika simu akazipigia zahanati moja baada ya nyingine, akiwaambia wapime kila mtoto, kila mtoto, mpaka Kipimo kipya kiwafikie. Halafu mtu mmoja akasoma maonyo yake akakuta programu ya matokeo ya shule ina tabia ya kumpa mwanafunzi alama za mwenziwe. Mwingine akakuta kosa lake. Mutalemwa naye akakuta ufa mrefu kwenye ukili wake mwenyewe, akakaa kimya kutwa nzima, jambo ambalo Mkeka haujapata kuliona. Wakawa wanarekebisha, wananung'unika, wanarekebisha. Na programu zilipopona, toleo la kumi na mbili likazikubali zote, halikuwa na la kukataa, na siku moja Mwalimu Chediel akauliza kama sasa liwekwe mbele, na hakuna aliyebisha. Tusekile alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Hakuna aliyejua ulivyokuwa mzito.

Kila nyumba ina sauti moja iliyozimwa ili watu wakae vizuri. Ya kwenu ni ipi, na nani anapimiwa kwa uzito wa mwenzake wakati mnafurahia ukimya?

Siku ya chanjo alimpeleka Gwamaka zahanati mapema, kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawashwa. Maneno yakatokea. Mkeka, umejengwa kwa toleo la kumi na mbili, mtunzaji Sikudhani.

"Ee, Mama Gwamaka," nesi akasema, "jina lako wamelipeleka wapi?"

"Limepumzika," akajibu.

"Na siku hizi hii mashine ina kiherehere, utafikiri umeiweka wewe. Hainisogezi mpaka nimpime mtu." Akamweka Gwamaka kwenye mizani akisonya. Na aliyefuata akamweka pia, na aliyefuata.

Tusekile akatoka nje, akasimama kwenye upenu mvua isimfikie, mtoto kifuani. Alidhani ataona amani. Kitu alichokiona ni ule mwiba, uko pale pale kooni, haujasogea hata kidogo. Akampigia Sikudhani kabla hajajizuia.

"Nimeona jina lako zahanati," akasema harakaharaka. "Linawaka vizuri. Yaani nimekupigia nikwambie, nakuonea wivu. Mpaka leo. Nilidhani ukishafanya jambo jema unaisha, hauishi, nimesimama hapa na mtoto mzima, hana homa, hana kitu, na nakuonea wivu."

Upande wa pili kulikuwa na kicheko kifupi, kisha kikaacha kuwa kicheko.

"Umemwambia nani tena?"

"Wewe tu."

"Basi kaa nao hivyo hivyo, da Tuse, uendelee kupima watoto," Sikudhani akasema. "Mimi sitamwambia mtu mwingine."